UZI: Virusi havionekani kwenye damu, lakini viko wapi? Maisha ya VVU ndani ya tezi, utumbo na ubongo

Mwanzisha uzi (Kampala)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo linalonisumbua moyo kwa muda mrefu. Hapa Uganda mtu anameza dawa za ARV kwa uaminifu, anapimwa kiwango cha virusi, anaambiwa kwamba virusi havionekani, kisha anatokea mhubiri, muuza mitishamba au jirani mwenye nia njema na kumwaminisha kwamba karatasi ile ni cheti cha kupona. Dawa zinawekwa kando, na kwa watu wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne. Wako wanaomwita mgonjwa huyo mzembe, lakini mimi naamini kwamba wengi hawakuwahi kuelezwa kipimo kile kinapima nini hasa. Kinahesabu virusi vinavyoelea katika mililita moja ya damu. Kuhusu yanayoendelea ndani ya tezi za kinena, ukuta wa utumbo au ubongo, kipimo hicho hakisemi lolote, na huko ndiko VVU vinakoishi.

Tuanze na hesabu ndogo. Kati ya limfositi zote za mwili wa binadamu, yaani zile chembe nyeupe ambazo seli za CD4 ni sehemu yake, takriban asilimia 2 tu ndizo zinazopatikana kwenye damu kwa wakati wowote. Nyingine zote ziko kwenye tezi za limfu, wengu, uboho, utando wa utumbo, mapafu na viungo vya uzazi. Kwa hiyo anayetazama damu peke yake anatazama barabara na kuacha nyumba. Hata ugunduzi wa VVU ulianzia kwenye tishu: mwaka 1983, Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walikipata kirusi hicho katika kipande cha tezi ya limfu iliyovimba, kilichotolewa kwa mgonjwa ambaye UKIMWI ulikuwa bado haujamfikia.

Wakati huohuo, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria huko Kasensero, watu walikuwa wakikonda na kuharisha bila kukoma, na ugonjwa ule ukaitwa Slim. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao, David Serwadda akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, waliueleza katika jarida la The Lancet. Kukonda kule kulikuwa na sababu kadhaa, zikiwemo kifua kikuu na vimelea vya utumbo, lakini utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba utumbo wenyewe ni uwanja wa kwanza wa maangamizi. Ukuta wa utumbo umejaa seli za CD4 zenye kumbukumbu ya maambukizi ya zamani, nazo nyingi zina kipokezi cha CCR5, ambacho VVU hukitumia kama mlango. Katika wiki za mwanzo kabisa baada ya mtu kuambukizwa, sehemu kubwa ya seli hizo huangamia, tena kabla hesabu ya CD4 kwenye damu haijashuka kiasi cha kumshtua mtu yeyote.

Miongoni mwa zinazopotea ni zile ziitwazo Th17, ambazo kazi yake ni kulinda utando unaotenganisha bakteria wa utumbo na damu. Zikipungua, utando huvuja. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mabaki ya bakteria hupenya na kuingia katika mzunguko wa damu wa watu wenye VVU, na mabaki hayo huuweka mfumo wa kinga katika hali ya tahadhari isiyokwisha. Hapa ndipo kirusi kinapofaidika, maana VVU huzaliana vizuri zaidi ndani ya seli ya CD4 iliyoamshwa. Mwili unaita askari zaidi, na askari wenyewe ndio chakula cha adui.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipolisoma, na bado naliona kuwa miongoni mwa mambo mazito zaidi katika somo hili. Tulizoea kudhani kwamba kirusi huingia katika seli, huzaliana, kisha huiua. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi za Gladstone, San Francisco, wakitumia tishu za limfu za binadamu, walionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya seli za CD4 zinazokufa humo ni seli zilizokuwa zimepumzika, ambazo kirusi kiliziingia lakini kikashindwa kukamilisha kazi yake. Seli hutambua vipande vya DNA ya kirusi vilivyokwama ndani yake, huwasha kimeng'enya kiitwacho kaspasi-1, na kujiua kwa kupasuka. Inapopasuka humwaga kemikali zinazoita seli nyingine za kinga mahali pale, nazo zikifika hukutana na kirusi na kupatwa na yaleyale. Jambo hili hutokea zaidi pale seli zinapogusana, kirusi kikipita moja kwa moja kutoka seli hadi seli bila kuelea kwenye majimaji, na hakuna mahali ambapo seli za CD4 zimebanana kuliko ndani ya tishu za limfu.

Sasa tuingie ndani ya tezi ya limfu yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiini cha uzi huu. Tezi ni kama stendi kuu ya taksi ya Kampala: kila seli ya kinga inayosafiri mwilini hupita hapo, hukutana na nyingine, hupokea habari na kuondoka. Seli za dendriti huleta vipande vya vijidudu kutoka kwenye ngozi na utando, na seli za CD4 huja kuvikagua. VVU hutumia mpango huohuo. Seli za dendriti zinaweza kukishika kirusi juu ya uso wake bila zenyewe kuambukizwa, zikakibeba hadi kwenye tezi na kukikabidhi kwa seli ya CD4 wakati wa kukaguana.

Ndani ya tezi mna vitongoji viitwavyo folikoli, ambako seli B, aina nyingine ya chembe nyeupe, hufundishwa kutengeneza kingamwili. Folikoli zina seli za dendriti za aina nyingine, zilizotulia mahali pamoja, ambazo kazi yake ya kawaida ni kushikilia vijidudu vilivyofunikwa na kingamwili kwa muda mrefu ili seli B zijifunze. Zinashikilia VVU pia, na virusi vilivyoshikiliwa hivyo hubaki na uwezo wa kuambukiza. Karibu nazo zimo seli za CD4 wasaidizi wa folikoli, na tafiti za watu wanaotumia ARV zimeonyesha kwamba kundi hili ni miongoni mwa hifadhi kubwa za virusi (yaani seli ambamo virusi hubaki vimejificha) ndani ya tezi. Seli za CD8, ambazo ndizo zenye jukumu la kuua seli zilizoambukizwa, nyingi hazina kipokezi cha kuziruhusu kuingia folikoli. Katika nyani wanaomudu kudhibiti SIV, ambayo ni jamaa ya VVU, bila dawa, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba virusi vilivyoendelea kuzaliana vilikuwa vimejificha humo ndani ya folikoli, huku seli za CD8 zikivizia nje.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kwa kadiri ya ninayoyafahamu.

Mchangiaji (Arua)

Shukrani, ndugu yangu, kwa maelezo haya. Ninalo swali ambalo nadhani wengi wanalo. Ikiwa dawa zinaweza kushusha virusi kwenye damu kutoka mamia ya maelfu hadi visionekane, kwa nini zisiendelee tu hadi zivimalize vilivyomo kwenye tezi? Au ni kwamba dawa haziingii huko?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Arua, swali lako lina majibu mawili, na la kwanza ndilo lenye uzito zaidi.

VVU vinapoingia katika seli hugeuza chembe zake za urithi kuwa DNA na kuipachika ndani ya DNA ya seli yenyewe. Kila dawa ya ARV huzuia hatua fulani ya safari hiyo: tenofovia na lamivudini huzuia ugeuzaji, dolutegravia huzuia upachikaji, na nyingine huzuia ukamilishaji wa virusi vipya. Sasa chukua seli ya CD4 iliyoambukizwa ikiwa hai na yenye shughuli, kisha ikarudi kupumzika na kuwa seli ya kumbukumbu kabla kirusi hakijaimaliza. DNA ya kirusi imo ndani yake, imelala, haitengenezi chochote. Hakuna hatua yoyote inayoendelea, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia. Seli za CD8 nazo hazioni chochote cha kigeni juu ya uso wake. Seli ya kumbukumbu imeumbwa idumu kwa miaka mingi, kwa sababu ndiyo inayotukinga na magonjwa tuliyokwisha kuyapata utotoni, na kirusi kinadumu nayo.

Seli hizi zilitambuliwa katikati ya miaka ya 1990, na Robert Siliciano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ni miongoni mwa waliozipima kwa makini. Zenye kirusi kinachoweza kuamka na kuzaliana ni chache sana, takriban moja katika kila milioni ya seli za CD4 zinazopumzika. Lakini hupungua polepole mno: huchukua takriban miezi 44 idadi yake ifikie nusu. Ukianza na seli milioni moja, unahitaji kuzigawa nusu kwa nusu takriban mara 20 ili zibaki chini ya moja, na miezi 44 mara 20 ni zaidi ya miaka 70. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusu watu waliotumia dawa kwa takriban miongo miwili, ulionyesha kwamba hata kupungua huko hukoma baada ya miaka mingi na hifadhi huanza kuongezeka polepole.

Inaongezekaje ilhali dawa zinafanya kazi? Seli yenyewe ndiyo inayozaliana. Seli ya kumbukumbu inayotambua, kwa mfano, kijidudu cha kifua kikuu ikikutana nacho tena hugawanyika na kuwa nyingi, kama inavyopaswa, na kila mtoto wake huzaliwa na DNA ya VVU ndani. Wala si lazima kirusi kitoke nje hata mara moja. Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalionyesha vikundi vya seli pacha ambazo kirusi kimejipachika mahali palepale katika DNA ya kila moja, jambo lisilowezekana isipokuwa seli zote zimetokana na mama mmoja.

Kuhusu dawa kuingia kwenye tezi: utafiti wa mwaka 2014 ulipima baadhi ya dawa za wakati ule ndani ya tezi na utumbo, ukakuta viwango vidogo kuliko vya kwenye damu. Wako waliotafsiri kwamba virusi huendelea kuzaliana humo kidogo kidogo hata mtu akiwa na dawa. Wengine wamepinga, wakionyesha kwamba kuongeza dawa juu ya dawa hakupunguzi mabaki ya virusi na kwamba virusi vya watu wanaomeza dawa sawasawa havibadiliki kama ambavyo vingebadilika vikiwa vinazaliana. Mimi naegemea upande wa hawa wa pili. Seli zilizolala na kugawanyika zinatosha kueleza tunayoyaona.

Mchangiaji (Masaka)

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ART, yaani ya tiba ya ARV, na nimesoma kwa makini. Naomba kutoa angalizo kwa heshima. Tumetumia miaka mingi kuwafundisha watu kwamba virusi visipoonekana haviambukizwi kwa kujamiiana. Nina hofu kwamba msomaji akisikia virusi vimejaa kwenye tezi na viungo vya uzazi atarudi kwenye woga wa zamani, wenzi watagombana, na wapo watakaosema kwamba tuliwadanganya.

Mwanzisha uzi

Dada muuguzi, angalizo lako ni la haki na nashukuru umelileta mapema. Yote mawili ni kweli, tena hayapingani.

Maambukizi ya kujamiiana yanahitaji virusi huru au seli zinazozalisha virusi kwa wingi wa kutosha kwenye majimaji ya uzazi. DNA iliyolala ndani ya seli moja katika milioni haifanyi hivyo maadamu dawa zinamezwa, kwa kuwa hata seli ikiamka na kutoa virusi, dawa huvizuia kuingia seli ya jirani. Tena ushahidi wa kwanza mkubwa juu ya jambo hili ulitoka hapa kwetu. Katika wilaya ya Rakai, wanandoa 415 ambao mmoja wao alikuwa na VVU walifuatiliwa kabla ARV hazijafika vijijini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba hakuna aliyemwambukiza mwenzake pale kiwango cha virusi kilipokuwa chini ya 1,500 kwa mililita. Baadaye utafiti wa PARTNER huko Ulaya uliwafuatilia wenzi ambao mmoja alikuwa na VVU vilivyofubazwa na dawa, wakijamiiana bila kondomu, na haukupata hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenzi huyo.

Ujumbe wa kliniki yako unabaki vilevile. Ninachokiongeza ni sababu ya sharti lake: haviambukizwi kwa sababu dawa zimo mwilini kila siku.

Mchangiaji (Masaka)

Hapo tumeelewana. Basi niongeze jambo ambalo wagonjwa wetu vijana hawalijui. Uganda ilishiriki katika jaribio la kuwapumzisha watu dawa. Lilikuwa sehemu ya utafiti wa DART, uliofanyika Entebbe, Kampala na Harare. Baadhi ya waliokuwa wamepata nafuu walipangiwa kumeza dawa kwa wiki 12 na kuziacha kwa wiki 12, kwa matumaini ya kupunguza gharama na madhara. Mwaka 2006 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa sababu walioacha kwa zamu waliugua zaidi kuliko walioendelea. Mwaka huohuo utafiti mkubwa zaidi uitwao SMART, wenye washiriki zaidi ya 5,000 katika nchi nyingi, ulionyesha vivyo hivyo, tena hata magonjwa ya moyo, figo na ini yaliongezeka kwa walioacha.

Mchangiaji (Gulu)

Wapendwa, mbona tunasikia kuna watu waliopona kabisa, kuanzia yule wa Berlin? Kama hifadhi haifi, wao walipona vipi? Na kama waliweza, kwa nini hospitali ya Mulago isifanye hivyo kwa wote?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Gulu, yule wa Berlin ni Timothy Ray Brown. Alikuwa na saratani ya damu pamoja na VVU, na mwaka 2007 alipandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa bila kipokezi cha CCR5. Tiba ya kuandaa mwili kwa upandikizaji iliangamiza sehemu kubwa ya mfumo wake wa zamani wa kinga, seli mpya zikashambulia mabaki ya zile za kale popote zilipokuwa, na kirusi hakikupata mlango wa kuingia katika seli mpya. Adam Castillejo wa London alifuata, na wengine wachache baada yake. Kila mmoja alikuwa na saratani au ugonjwa mwingine mzito wa damu uliomlazimu kupitia upandikizaji, tiba ambayo huua sehemu isiyo ndogo ya wanaoipata. Kumpa tiba hiyo mtu anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja kwa siku ni kumhatarishia maisha bila sababu.

Lakini kisa ambacho naona kinatufundisha zaidi ni cha wale wawili wa Boston. Nao walipandikizwa uboho, ila wa kutoka kwa watu wenye CCR5 ya kawaida. VVU vilitoweka kwenye damu yao kwa kila kipimo nyeti kilichokuwapo, wakaacha dawa chini ya uangalizi, na virusi vikarudi: kwa mmoja baada ya wiki 12, kwa mwingine baada ya wiki 32. Yupo pia mtoto wa Mississippi, aliyeanza dawa akiwa na saa takriban 30 tangu kuzaliwa. Alipoacha dawa alikaa miezi 27 bila virusi kuonekana, hata wataalamu wakaanza kusema amepona, kisha mwaka 2014 vikaonekana tena. Seli chache zilizolala mahali ambapo sindano haifiki zilitosha. Anayetangaza kwamba amemponya mtu kwa kuonyesha karatasi moja ya kipimo cha damu ajue kwamba madaktari wa Boston walikuwa na karatasi bora kuliko yake.

Juhudi za kuamsha seli zilizolala ili ziuawe zimejaribiwa pia. Uingereza ilifanya jaribio liitwalo RIVER, likiwa na washiriki 60, kwa kuunganisha dawa ya kuamsha na chanjo za kuipa kinga nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti yoyote katika ukubwa wa hifadhi.

Mchangiaji (Kalisizo)

Kwa kuwa Rakai imetajwa, naomba mtueleze: hifadhi hii ya virusi imewahi kupimwa kwa Waganda, au tunasoma tu habari za Wamarekani?

Mwanzisha uzi

Imepimwa, tena kwa damu za majirani zako. Mwaka 2017 watafiti wa Rakai na wenzao wa Marekani walichapisha ulinganisho wa watu waliofubaza virusi huko Rakai na wenzao wa Baltimore, wakakuta kwamba seli zilizolala zenye kirusi kinachoweza kuzaliana zilikuwa chache kwa takriban mara tatu kwa Waganda. Aina za virusi zinatofautiana: kwetu zimetawala A na D, kwao ni B. Mazingira ya kinga nayo yanatofautiana, maana mwili wa mtu wa Rakai umepambana na malaria, minyoo na kifua kikuu tangu utotoni. Kundi hilohilo la watafiti baadaye liliwafuatilia Waganda walipohamishiwa dolutegravia na kuona ongezeko la muda la seli hizo kwenye damu, lililopungua baadaye, huku virusi vikiendelea kufubazwa. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi yake, lakini hifadhi ilionyesha kwamba haijakaa kimya kama tunavyodhani.

Utafiti wa Rakai pia ulionyesha kwamba aina D huharakisha kuugua kuliko aina A kwa wasiotumia dawa. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba aina D hujifunza mapema kutumia mlango wa pili uitwao CXCR4, ulioko hata kwenye seli changa za CD4 ambazo hazijawahi kukutana na kijidudu chochote.

Na sasa nifike kwenye utafiti ninaouthamini kuliko yote, uliofanyika Kampala katika kituo cha utafiti wa tiba cha JCRC chini ya Daktari Cissy Kityo na wenzake na kuchapishwa mwaka 2018. Wakazi wa Kampala walitoa vipande vya tezi za limfu na kupewa chanjo ya homa ya manjano. Ndani ya tezi hizo watafiti walikuta makovu ya kolajeni, protini ngumu inayounda makovu. Kwa kawaida seli za CD4 husafiri ndani ya tezi kwa kushikilia wavu mwembamba wa nyuzi, na juu ya wavu huo ndipo zinapopata kemikali ya IL-7 inayoziweka hai. Msisimko wa kinga usiokwisha hufanya kolajeni ijazane, wavu huharibika, na seli hufa kwa kukosa riziki. Hii ni sababu mojawapo inayofanya baadhi ya watu wafubaze virusi kwa miaka mingi huku CD4 zao zikikataa kupanda. Huko Kampala, kadiri makovu yalivyozidi ndivyo mwitikio wa chanjo ulivyopungua. Na lililoniuma ni kwamba hata Waganda wasio na VVU walikuwa na makovu na msisimko zaidi ya Wamarekani waliolinganishwa nao. VVU vinapoingia mwilini mwetu vinakuta tezi zilizokwisha kuumizwa na magonjwa mengine, na wanaopanga kampeni za chanjo hapa nchini wanapaswa kulizingatia hilo.

Mchangiaji (Mbarara)

Nimetumia dawa kwa miaka mingi na virusi havionekani. Ninalo swali juu ya ubongo na moyo, maana nasikia sisi tunazeeka mapema. Pia mitoki yangu ya shingoni haijawahi kuisha kabisa. Je, ni virusi hivyo vilivyojificha?

Mwanzisha uzi

Mzee wangu wa Mbarara, pole, na hongera kwa kushikilia dawa. Ubongoni hakuna CD4 nyingi. Virusi hujificha zaidi katika mikroglia, seli za kinga za ubongo ambazo huishi miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitoa mikroglia kwa watu waliofariki wakiwa wanatumia dawa, na virusi vilivyoamshwa kutoka humo viliweza kuzaliana. Kuhusu moyo, msisimko wa kinga niliousema, hata unaposhuka kwa dawa haushuki hadi kiwango cha mtu asiye na VVU, nao huumiza mishipa ya damu. Jaribio la REPRIEVE, ambalo Uganda ilishiriki, lilionyesha mwaka 2023 kwamba kidonge cha pitavastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu wenye VVU waliokuwa na hatari ndogo au ya wastani. Muulize daktari wako juu ya dawa za kundi hilo, na upime presha.

Kuhusu mitoki, naomba usiridhike na maelezo ya uzi huu. Ni kweli kwamba tezi yenye makovu inaweza kubaki ngumu na kubwa kidogo kwa miaka mingi. Lakini tezi ya shingo ambayo haiishi, hata kama haiumi, inaweza pia kuwa kifua kikuu cha tezi, na kwa mtu mwenye VVU inaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hata virusi visipoonekana. Nenda kliniki, ueleze imekuwapo kwa muda gani, na kama inakua, kama unatoka jasho usiku au umepungua uzito. Kwa sindano nyembamba watafyonza kiasi kidogo kutoka ndani ya tezi, wapeleke sehemu kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta kifua kikuu na nyingine ikaangaliwe kwa hadubini. Na majibu yasipoeleweka, waombe wakate kipande cha tezi chenyewe.